Kitabu Yetu

Kila alipoanza kusoma alisema, "Haya, fungueni." Hatukuwa na cha kufungua. Kitabu kilikuwa kimoja tu, mikononi mwake, kule Sikuda upande wa Uganda, na sisi wengine tulikuwa na simu. Mmoja yuko Lumino anaanika samaki, mwingine yuko Tororo amelala chini ya lori, mimi niko Busia upande wa Kenya nasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Lakini mwanamke huyu alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kustaafu, na mdomo wake haukujua njia nyingine ya kuanza. Akimaliza alisema, "Fungeni," na sauti ikakatika hapo hapo, hata kama mhusika alikuwa ameachwa ukingoni mwa kisima.

Tulimwita Admin. Jina lake tulilijua, ila hakuna aliyelitumia, na siku ya mazishi yake mwongoza ratiba alipolitaja lote kwa ukamilifu nilichelewa kidogo kuelewa anamzungumzia nani. Alikozaliwa na watu wake sitavisema hapa, kwa sababu si hivyo nilivyomjua. Nilimjua kwa sauti ya Jumapili saa kumi jioni, kikohozi kimoja kabla ya sura mpya, na ukurasa unaogeuzwa karibu mno na simu.

Sauti hizo sina. Nilizifuta zote kwa siku moja, kwa hasira, na sababu yake nitaieleza. Za kundi, watu wamenirudishia baadhi. Zile alizonitumia mimi peke yangu hazitarudi, maana simu yake ilisafishwa baada ya msiba ikapewa mtu mwingine wa nyumbani, na sikuwa na uso wa kwenda kuuliza. Nilichobaki nacho kutoka kwake ni ujumbe mmoja wa maandishi, wa maneno matano.

Kundi lilianza na riwaya iliyopoteza jalada. Alisema alimnyang'anya mwanafunzi aliyekuwa akiisoma chini ya dawati wakati wa hesabu, akakusudia kumrudishia mwisho wa muhula, kisha muhula ukaisha. "Ndio wizi wangu wa pekee," alisema, "na sijutii." Alipostaafu aliwakusanya watu kumi na mmoja kwenye simu, waliokuwa wanafunzi wake na wanunuzi wenzake wa sokoni, akawasomea riwaya hiyo sura kwa sura. Kundi akaliita Wasomaji wa Mpakani. Mimi niliingizwa na mwalimu mwenzangu aliyechoka kunisikia nikilalamika kwamba watu wa huku hawasomi.

Wiki ya tatu au ya nne, mwanamke wa Lumino aitwaye Nekesa, muuza omena ambaye hakuwa amewahi kusema kitu, alituma sauti yake ya kwanza. Ulisikika upepo, na kuku.

"Admin, mulembe. Mimi nasikia wewe kila wiki nikianika samaki. Kusoma mimi nasoma pole pole sana, lakini hii kitabu yetu nafuata yote. Huyu mwanaume mimi najua, atakimbia."

Zikamiminika nyuso za kicheko. Wengi wao walikuwa wa upande wetu, maana sisi wa Kenya hujiona tumepewa Kiswahili kwa hati miliki, na Waganda tunawasikiliza kwa sikio la kusahihisha. Mtu mmoja akaandika: "Ni kitabu CHETU, dada. Ngeli ya KI-VI." Mtu huyo alikuwa mimi.

Baada ya dakika moja hivi, juu ya kioo pakatokea taarifa kwamba Admin amebadilisha jina la kundi. Sasa tulikuwa Kitabu Yetu. Kisha ikaja sauti yake, bila haraka yoyote: "Haya. Nekesa anasema huyo mwanaume atakimbia. Nani anabisha?"

Tangu siku hiyo Nekesa alisema kila wiki, na nyuma yake wakafuata wengine waliokuwa wamenyamaza, mafundi, wauza nguo, mama mmoja wa Buhehe aliyechanganya Kisamia na Kiswahili mpaka tukawa tunamkisia. Ndani ya mwaka tulikuwa zaidi ya mia. Na yule mwanaume kwenye riwaya alikimbia kweli.

Ungedhani basi kwamba Admin hakujali lugha. Alijali kupita kiasi. Nilikuwa naye kwenye mazishi fulani Buhehe, ya baba wa mmoja wa wanakundi, na mwongoza ratiba akatangaza, "Sasa tunaomba jeneza hii ibebwe na vijana sita." Kutoka kwenye benchi la akina mama ikasikika sauti tuliyoijua wote: "Jeneza hili. Libebwe." Kijana wa watu akasema samahani mama, jeneza hili libebwe, na likabebwa. Wenye msiba walicheka wakiwa na machozi mashavuni. Nilimfuata baadaye nikamuuliza kwa nini anamvuruga mtu mbele ya maiti, na kosa la Nekesa amelipa heshima ya kuwa jina la kundi.

"Yule alikuwa ameshika kipaza sauti," alisema. "Nekesa alikuwa ameshika samaki."

Niliona ni jibu la ujanja, nikaliweka moyoni pamoja na mengine ya kumlaumu. Nilikuwa na akiba kubwa ya hayo. Siku tulipomzika yeye, mwongoza ratiba alisema "jeneza hii," tena mara mbili, na sisi wa kundi tukatazamana. Hakuna aliyemsahihisha, nikalia kwa sauti kuliko nilivyokusudia.

Alikuwa na utaratibu mmoja uliotutesa na kutuunganisha. Hakusoma sura ya mwisho. Akifika hapo alisema "Fungeni," na anayetaka kujua yaliyobaki alipaswa kukifuata kitabu chenyewe, kilichotoka kwake kikapita kwa mtu wa kwanza, naye akakaa nacho siku tatu, kisha wa pili akaja kukichukua kwa miguu yake. Kukituma kwa bodaboda kulikuwa marufuku. Ukishasoma, uliandika jina lako na mahali pako kwenye kurasa tupu za nyuma. Utaratibu huo tuliuita kufuata mwisho. Watu walivuka mpaka kwa ajili ya kurasa kumi na tano.

Owori, fundi wa malori kutoka Tororo, alikwenda Lumino kufuata mwisho kwa Nekesa na kumkuta anapikia nje. Upepo ulikuwa umeng'oa nusu ya paa. Owori alichukua kitabu, hakusema mengi, maana si msemaji. Jumamosi iliyofuata alirudi na misumari na wenzake wawili, na kitabu kwapani, amekwisha kukisoma. Nekesa aliposimulia hayo kwenye kundi, Admin alituma kikohozi kitupu, bila neno. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kulia.

Mpaka ulipofungwa wakati wa ule ugonjwa, kitabu kilikwama upande wa Uganda, na sisi wa Kenya tukakaa miezi bila kujua mwisho. Tulimsihi atusomee. Nilimwandikia kwamba huu sasa ni ukatili. Alinijibu kwa sauti: "Mwalimu, kutojua mwisho hakujamuua mtu. Ukikutana na mwenzako utakuwa na jambo la kumuuliza." Hakutusomea. Lakini mzee mmoja wa Buhehe, mwanakundi, alipozidiwa hospitalini, Admin alimpigia simu akamsomea sura nzima ya mwisho, yeye peke yake. Tulijua kwa sababu mzee mwenyewe, kwa sauti nyembamba, alituma ujumbe akisema, "Nimejua mwisho, na siwaambii." Alikufa siku ile ile.

Hivyo ndivyo alivyokuwa: mkali kwa kanuni zake, na anayezivunja bila kumweleza mtu. Mimi nilizipenda kanuni, na mtu wa namna hiyo alinichosha.

Kisha, mwaka ambao sasa naukumbuka kwa aibu, alianza kubadilika, au tulidhani. Alitoa amri mpya: "Kuanzia leo, andikeni kwa mdomo." Yaani maandishi yamekwisha, kila mtu atume sauti. Anayetuma maandishi hakujibiwa. Akaacha pia kusoma mwenyewe. Kila Jumapili alimtaja mtu mmoja, kitabu kikapelekwa kwake, akatusomea yeye. Sababu aliyotoa ni kwamba anataka kukisikia Kiswahili chetu. Nekesa alisoma sura nzima, kwa saa nzima na dakika zake, akiparamia kila neno refu, na Admin akasema hajawahi kusikia sura hiyo ikisomwa vizuri namna ile. Nilitia simu mfukoni nikaenda kununua sukari ambayo sikuihitaji.

Halafu likatokea la picha. Mwanakundi mmoja alifiwa na mamake, akatuma kwenye kundi picha ya marehemu akiwa na kitambaa cha kanisani, na chini yake tangazo la mazishi. Pole zikaanza kuingia. Kati ya hizo ikaingia sauti ya Admin, yenye furaha tele: "Jamani mmependeza sana! Hongereni!" Mtu akamwambia ni msiba. Aliomba radhi, akaomba tena, kesho yake akaomba mara ya tatu. Watu walisema Admin amezeeka vibaya. Nami nilisema, tena wa kwanza.

Hakuna hata mmoja wetu, watu mia na ushei wenye kujisifu kwa kusoma, aliyeweza kuziweka dalili hizo tatu kwenye mstari mmoja.

Ugomvi wetu ulikuwa juu ya jina. Shuleni kwetu alikuja mgeni, mtu wa lugha, nikamwonyesha kundi langu kwa majivuno. Aliangalia kioo, akasoma jina, akanitazama. "Kitabu yetu?" alisema. "Na wewe ndiye mwalimu wa Kiswahili?" Walimu wenzangu walicheka mpaka mapumziko yakaisha. Jioni hiyo nilikaa nikamwandikia Admin barua ndefu, si kwenye kundi bali kwake mwenyewe. Nikaandika, kwa maandishi, makusudi, kwa kuwa alikuwa ameyakataza. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi.

Baada ya saa moja tiki mbili zikageuka bluu. Ameisoma. Nilingoja jibu siku hiyo, nikangoja kesho yake. Kimya. Kundini aliendelea kukohoa na kucheka na kina Nekesa kana kwamba hakuna aliyemwandikia neno. Mtu anaweza kuvumilia kukataliwa, lakini kusomwa na kupuuzwa kulinichoma vibaya. Siku ya tatu nilijitoa kwenye kundi, nikafuta kila kitu kilichokuwa humo, nikaifungia namba yake ili lolote atakalotuma lisinifikie. Niliondoka na watu kumi na tisa, wote wa upande wetu, wote wenye ngeli zao sawasawa.

Tukaanzisha Kitabu Chetu. Nilikitengenezea ratiba, kanuni kumi na mbili, na orodha ya vitabu vya mwaka mzima. Kila mtu alinunua nakala yake. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumfuata mwenzake popote. Jumapili ya kwanza niliandika swali la mjadala, wawili wakajibu. Ya pili, mmoja. Watu waliogopa kukosea mbele yangu, na mimi nikadhani ni heshima. Ujumbe wa mwisho kwenye kundi lile, nimeuangalia juzi, ni wa mtu anayeuza mafuta ya nywele, na hakuna aliyejisumbua kumtoa.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Sikumsamehe, na nilijua nyumba yake ilipo, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki.

Nekesa ndiye aliyenitoa huko. Nilikutana naye sokoni Busia, upande wetu, ameketi juu ya gunia la omena. Nilimsalimu kwa uchangamfu wa mtu mwenye hatia. Hakuuitikia.

"Mwalimu, wewe nakaa namna gani?" alisema. "Admin naulizia wewe mpaka sisi nachoka."

"Hajambo lakini?"

"Macho imekwisha."

"Lini?"

"Zamani. Hata ile wakati wewe nakwenda, ilikuwa imekwisha. Mimi mwenyewe nilijua juzi juzi tu, nilikwenda kupeleka yeye samaki, nikaona anapima ukuta na mkono."

"Mbona hakutuambia?"

"Angeambia nani? Nyinyi ilikuwa naandika, naandika."

Nilisimama pale na mfuko wa nyanya mkononi. Andikeni kwa mdomo. Mmependeza sana. Nataka kukisikia Kiswahili chenu. Mambo hayo yalikuja yote kwa pamoja, na mwisho wake zikaja zile tiki mbili za bluu. Aliifungua barua yangu, basi. Kuifungua aliweza.

Jumamosi nilivuka. Uani kwake palikuwa na kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi chooni, nikadhani ni ya kuanikia nguo, nikajiuliza mbona imefungwa chini hivyo, usawa wa kiuno. Kisha nikaelewa. Alikuwa ameketi mkekani mlangoni, ungo wa njugu mapajani, anabambua maganda. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa wazi na yalitazama bega langu.

"Hodi, mama," nilisema.

Vidole vilisimama. "Mwalimu," alisema. "Umechelewa kipindi."

Nilijaribu kucheka. Aliupapasa mkeka kando yake, nikaketi, akanisogezea ungo ukawa katikati yetu. Tulibambua njugu kwa kitambo. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani na sasa sikulikumbuka hata neno la kwanza. Nilichotaka kilikuwa kidogo tu: aniambie kwamba yamekwisha, nirudi kwangu nikiwa mtu aliyesamehewa. Nilidhani kuna mtu aliyekwisha kumsomea nilichomwandikia.

Alifungua pindo la leso, akatoa simu. "Humu mna barua yako," alisema. "Nimekuwekea."

"Imo bado?"

"Niache ipotee? Niliiona ilivyoingia. Ndefu. Wakati ule rangi nilizipata bado, na kile kialama cha sauti nilijua kilipo. Lakini herufi zilikuwa zimeshaniacha. Niliona weusi tu, kama siafu wamepanga mstari." Alinyoosha simu upande wangu. "Nisomee."

"Mama, ungemwomba mtu. Nekesa angekusomea."

"Ni barua yako. Kwa nini ipitie mdomo wa Nekesa? Nilikuomba unitumie kwa sauti. Hukunijibu."

Nikaichukua simu. Barua yangu ilikuwa pale, ukurasa mzima wa kioo na zaidi. Chini yake zilifuatana sauti zake, moja, mbili, mpaka saba, fupi fupi, na kila moja ilikuwa na tiki moja tu ya kijivu. Ya mwisho ilikuwa ya mwezi uliopita. Kwa miaka mitatu alikuwa anaita, na mimi nilikuwa nimefunga mlango nikalalamika kwamba hakuna anayebisha hodi.

"Naomba nizisikilize hizi kwanza," nilisema.

"Hizo achana nazo. Nilikuwa naita tu. Soma barua."

Nikakohoa, nikaanza. "Mpendwa Admin. Nakuandikia kukushukuru kwa yote uliyotutendea, na kwa kuwa majukumu yamenizidi..."

"Hiyo haimo," alisema.

"Imo, mama."

"Mtu anayesoma hupumua kwenye nukta. Wewe unapumua popote. Unatunga." Alichukua njugu nyingine. "Nimesomesha watoto miaka yote ile, utanidanganya na kusoma? Soma kilichoandikwa."

Ningeweza kuondoka. Niliitazama ile kamba, nikafikiri kuhusu pikipiki iliyokuwa ikinisubiri barabarani. Kisha nikasoma.

"Admin, nimevumilia vya kutosha. Jina la kundi hili linatuaibisha sisi wote ambao tunaipenda Kiswahili."

"Rudia hapo."

"Linatuaibisha sisi wote ambao tunaipenda..." Nikasita. Sikuwa nimeliona. Miaka mitatu, na sikuwa nimeliona.

"Tunaki," alisema.

"Tunakipenda Kiswahili."

"Endelea."

"Huoni kwamba watu wanatucheka? Huoni kwamba unawatetea wasiojua ili uonekane mwema? Tulikuja kusoma, sasa tumekatazwa maandishi. Nani amewahi kuona wasomaji wa namna hiyo? Umezeeka, na badala ya kupumzika unatuchezea. Huoni hata haya. Waachie kundi watu wanaoona."

Nilisoma mpaka nukta ya mwisho, nikapumua hapo. Kuku alikuwa ameingia kwenye maganda na hakuna aliyemfukuza.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha."

"Kwaheri haimo."

"Haimo, mama."

Aliinamisha kichwa. Mikono ilibaki ndani ya ungo bila kazi. "Mimi nilidhani ni ya kuaga," alisema. "Miaka mitatu nimekaa nikijua kwamba uliniaga vizuri, tena kwa urefu."

Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani dakika ile kwamba ningalikuwa mwongo mzuri zaidi. Nililia. Nilisema nisamehe, mama, nikasema sikujua, nikasema mambo mengine ambayo mtu husema. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akajifuta mikono kwenye leso.

"Umeniandikia," alisema. "Nami nitakuandikia. Tufanye imla. Umeshika simu yangu?"

"Nimeshika."

"Nimesoma. Nukta."

Nikaandika.

"Kitabu ni yetu. Nukta."

Kidole kilisimama juu ya kioo. Naapa kilikuwa kinaelekea kwenye herufi ya c chenyewe, kwa mazoea tu, baada ya yote yale.

"Umeandika nini?"

"Bado, mama."

"Andika nilivyosema."

Nikaandika yetu, y na e na t na u.

"Rudi. Nukta. Haya, tuma."

Nikatuma. Akasikiliza, ameinua kidevu. Mfukoni mwangu mkawa kimya. Kwenye simu yake ilitokea tiki moja ya kijivu, chini ya zile saba.

"Haijalia simu yako," alisema.

"Mtandao wa huku," nilianza, nikaacha. "Si mtandao, mama. Nilikufungia. Tangu wiki ile."

"Zile zangu zote?"

"Zote. Sikupata hata moja."

"Nilidhani unasikiliza halafu unanyamaza," alisema.

"Hapana."

"Afadhali."

Nikaitoa simu yangu mfukoni. Sikuipata namba yake upesi, na alisubiri kama alivyokuwa akisubiri darasa zima litulie.

"Haya," alisema. "Fungua."

Nikafungua. Nikautuma ujumbe upya kutoka kwenye simu yake, na simu yangu ikalia mkononi, naye akageuza uso kuifuata sauti.